Mnaalikwa Ujerumani na mtoto mdogo: anzeni na karatasi zake

Wazazi wa Nairobi wanaoalikwa ng'ambo na marafiki kwa mara ya kwanza hukimbilia tiketi. Tiketi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mtu huinunua kwa simu akiwa ndani ya matatu. Kinachoangusha safari hizi ni karatasi za yule aliye mdogo nyumbani, ambaye hana kitambulisho, hana akaunti, na sahihi yake yote hutiwa na watu wengine. Kwa hiyo hesabu ya safari ianzie kwake. Tumechukua mfano wa Ujerumani kwa sababu Wakenya wengi wana ndugu na marafiki huko, na masharti ya viza yake ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, yanafanana na ya Uholanzi, Ufaransa na nchi nyingine za eneo hilo.

Toeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto na mkisome herufi kwa herufi. Kitambulisho cha mama kikiandikwa Wanjiku na cheti kikasema Wanjiko, pasipoti itakwama, na kurekebisha cheti huchukua muda usioweza kuubana. Fanyeni hivyo miezi sita kabla, msisubiri mpaka mwaliko uje. Ombi la pasipoti hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, kisha mnapeleka mtoto mwenyewe kwa picha, Nyayo House au ofisi nyingine ya uhamiaji mliyoichagua. Mtoto akibaki kwa nyanya yake siku hiyo, mmepoteza nauli na asubuhi nzima. Nendeni mapema, akiwa ameshiba, na uji kwenye chupa ya moto, maana foleni haina habari na usingizi wake wa mchana. Wazazi wote wawili wanatakiwa kuonyesha ridhaa na vitambulisho. Mzazi aliyefariki anawakilishwa na cheti cha kifo. Mama anayelea peke yake aangalie kwanza kama jina la baba limo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hilo ndilo linaloamua ni karatasi gani ataulizwa.

Pasipoti zenu pia mzikague. Ili upate viza ya Schengen, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai miezi 3 baada ya siku mtakayotoka huko, na iwe na kurasa 2 tupu. Wengi hukumbuka tarehe ya mwisho wa pasipoti wakasahau ile miezi mitatu.

Sasa viza. Ombi haliwezi kupokelewa mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala kuchelewa chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 tangu maombi yapokelewe, lakini sheria inaruhusu mpaka siku 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Kigumu zaidi ni kupata miadi. Likizo za shule za Agosti na Desemba zikikaribia, kila mtu anataka siku ile ile, na miadi huisha. Mkitaka kusafiri Agosti, anzeni kutafuta miadi Aprili au Mei.

Kila mtoto ana fomu yake, hata kama ana miezi mitatu, na wazazi wote wawili huitia sahihi. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Kituo cha maombi kikiwa na ada yake ya huduma, hiyo ni juu ya hizo. Walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Picha yake ni ya milimita 35 kwa 45, uso ukitazama mbele, mdomo umefungwa, na mkono wa mama usionekane ukimshikilia shingo. Mpigapicha wa mtaani huikosea hii kila mara. Mlaze mtoto mdogo juu ya shuka jeupe na apigwe kutoka juu. Inatoka vizuri kuliko kumshikilia dhidi ya ukuta.

Wenyeji wenu wana njia mbili za kuwaalika, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni barua ya kawaida: sisi fulani tunawaalika, watakaa kwetu, anwani hii, kuanzia tarehe hii mpaka hii, pamoja na nakala ya kitambulisho au kibali chao cha kukaa. Hapo mnathibitisha nyinyi wenyewe kwamba mna fedha za kutosha. Ya pili ni hati ya kujifunga inayoitwa Verpflichtungserklärung. Mwenyeji huiendea ofisi ya wageni ya mji wake, hulipa euro 29, huonyesha mshahara wake, na kutia sahihi kwamba gharama zenu zote ziko shingoni mwake, bili ya hospitali ikiwemo. Hati hiyo halisi hutumwa Nairobi; nakala ya simu haitoshi.

Tunasema hili kwa uzito: mkiwa na kipato chenu, msimtwike rafiki hati ya pili kwa sababu tu inaonekana ina nguvu. Akiitia sahihi, serikali ya Ujerumani inaweza kumdai yeye. Urafiki wa miaka kumi haustahili kubebeshwa mzigo ambao taarifa yenu ya benki ingeubeba. Taarifa hiyo iwe ya miezi mitatu angalau na ionyeshe mshahara au mauzo yakiingia kama kawaida. Laki tatu zinazotua ghafla wiki moja kabla ya miadi huibua swali hata zikiwa za halali. Kama ni mgao wa chama chenu cha akiba, ambatisheni barua ya chama. Ongezeni barua ya likizo kutoka kazini inayotaja siku ya kurudi, cheti cha biashara kwa anayejiajiri, na barua ya shule kama mtoto yuko PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) au zaidi. Anayesoma faili anatafuta jambo moja: mnarudi kwa nini.

Bima ya safari iwe na kima cha angalau euro 30,000, ihusu Schengen yote, na igharimie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Jina la mtoto liandikwe ndani yake. Bima zinazosema tu "familia" bila kumtaja mtoto hurudishwa.

Mzazi mmoja akisafiri na mtoto, yule anayebaki aandike kiapo cha ridhaa mbele ya kamishna wa viapo, kikitaja namba ya pasipoti ya mtoto, tarehe, nchi na anwani ya mwenyeji, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kinahitajika kwenye ombi la viza, na maafisa wa mpakani wanaweza kukiuliza pia. Kaeni nacho mfukoni. Kikiwekwa ndani ya sanduku lililokwisha kupelekwa kwenye ndege, hakitawasaidia mnapoulizwa.

Kuhusu tiketi kuna mtego unaowakamata hasa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Ndege nyingi za Ulaya huondoka Nairobi usiku mwingi. Tiketi ikiandikwa 00:25 tarehe 10, hiyo ni saa 6 na dakika 25 usiku wa kuamkia tarehe 10. Kwa hiyo mnatoka nyumbani jioni ya tarehe 9. Familia hufika uwanjani tarehe 10 usiku ikiwa imevaa vizuri, na ndege iliondoka usiku uliopita. Andikeni kwenye kalenda ya ukutani neno "TUNAONDOKA" kwenye siku ya kutoka nyumbani, msiandike siku iliyo kwenye tiketi.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Kinachotazamwa ni umri wake siku ya kila safari. Akitimiza miaka 2 mkiwa huko, kurudi anahitaji kiti chake, na kukinunua dakika za mwisho ni ghali. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, pigeni simu kwa shirika mara tu mnapolipa muombe kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza. Viko vichache, vina kikomo cha uzito, na havipatikani kwa kuomba ukiwa umeshaingia ndani. Safari ya moja kwa moja mpaka Frankfurt ni saa nane na kitu. Ya kuunganisha huwa nafuu kwa nauli, lakini kituo cha katikati kikiwa na chini ya saa mbili, mtakuwa mnakimbia na mtoto begani. Saa tatu zinatosha kubadilisha nepi, kula na kumwacha akimbiekimbie.

Mizigo. Hapa ndipo ukarimu wetu hututia matatani, kwa kuwa hakuna anayekwenda kwa rafiki mikono mitupu. Umoja wa Ulaya unakataza msafiri kutoka nje kuingiza nyama na maziwa ya aina yoyote: nyama kavu, soseji, mursik, samli, hata maziwa ya unga ya chai. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo 2, kama hayahitaji friji, yana nembo ya kiwanda na kopo halijafunguliwa, isipokuwa lile linalotumika. Maembe, maparachichi, sukuma na managu vinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho msafiri wa kawaida hana. Vitatupwa mbele ya macho yenu. Ndizi, nanasi na nazi vinaingia bila cheti. Majani ya chai na kahawa ni zawadi bora kabisa: vyepesi, havivunjiki, na Mkenya aliyeko baridini huvikumbuka. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo omena anapita, ila mfungeni mara tatu, maana harufu yake ikiingia kwenye nguo za mtoto haitoki upesi.

Unga wa uji ubebwe ukiwa kwenye pakiti ya kiwandani, usiwe umepakuliwa. Someni viungo kwanza. Unga mwingi wa uji wa watoto unaouzwa kwetu umechanganywa na maziwa ya unga, na hapo unaangukia kwenye marufuku. Chukueni wa nafaka tupu, wimbi na mahindi. Kilo 2 zinamtosha mtoto mmoja wiki tatu akinywa asubuhi na jioni. Mtoto anayekataa chakula kipya mchana kutwa hatalala na njaa kama kikombe chake cha asubuhi na jioni ni kile anachokijua.

Nguo za baridi msizinunue madukani. Toi na Gikomba zina makoti ya watoto ya mitumba yaliyotengenezwa kwa baridi ya kwao, na mtoto atayavaa msimu mmoja tu. Kwa Desemba anahitaji fulana ndefu ya ndani, sweta, koti lisiloingiza maji, kofia inayofunika masikio, glavu zenye kamba, soksi nene na viatu vilivyozidi mguu kwa nafasi ya soksi. Tabaka tatu nyepesi zina joto kuliko sweta moja nzito, na ndani ya nyumba, ambako hita huwaka, unazivua moja moja. Hita hukausha hewa, kwa hivyo mafuta ya kujipaka yasibaki nyumbani. Na kama ni Julai, msijaze sanduku makoti; kiangazi chao kina siku zenye joto kuliko Nairobi.

Begi la mkononi hesabuni hivi. Kutoka mlango wenu mpaka mlango wa mwenyeji ni saa 15 au zaidi, kwa hiyo nepi 10, vitambaa vya kufutia pakiti moja, nguo mbili za kubadilisha za mtoto, na fulana moja ya mzazi atakayempakata. Hiyo ya mwisho husahauliwa, na mzazi hukaa usiku kucha na matapishi kifuani. Vinywaji vya kawaida havipiti ukaguzi vikizidi ml 100, lakini maziwa, maji na chakula cha mtoto cha safari huruhusiwa kuzidi hapo; vitoeni kwenye begi mapema na mjue vinaweza kukaguliwa au mtaambiwa mvionje. Dawa zikae kwenye chupa zake zenye lebo.

Uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, fikeni saa tatu na nusu kabla ya ndege kuondoka. Kabla ya kufika kwenye majengo, abiria wanaweza kushushwa garini na kupita ukaguzi kwa miguu huku dereva akipita na gari. Hapo mtoto aliyelala ataamshwa, kwa hiyo awe na sweta na viatu tayari. Hakikisheni mnajua ni jengo lipi, 1A au jingine, kwa sababu kuhama na kigari, masanduku matatu na mtoto anayelia ni adhabu. Kigari kinachokunjika mnaweza kukisukuma mpaka mlango wa ndege na kukikabidhi hapo. Ulizeni kama mtakipata mlangoni au kwenye mkanda wa mizigo.

Masikio ya mtoto huuma zaidi ndege inaposhuka. Shinikizo la hewa katika chumba cha ndege hupanda, na mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati haufunguki upesi kwa mtoto. Kumeza huufungua. Kosa la wengi ni kumnyonyesha au kumpa chupa mapema, kisha ndege ikianza kushuka ameshiba na hataki. Kushuka huanza karibu nusu saa kabla ya kutua. Chupa, titi au kipande cha mkate viwekwe mpaka hapo. Akiwa amelala wakati wa kushuka, mwamsheni. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari.

Mpakani, tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili wasafiri kwa mashine, uso na vidole, mahali pa muhuri wa pasipoti. Watoto wa chini ya miaka 12 hupigwa picha ya uso tu. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo peleka mtoto msalani kabla ya kuingia. Anwani na simu ya mwenyeji ziwe zimeandikwa kwenye karatasi, maana simu zenu baada ya usiku wa katuni zitakuwa zimezima chaji. Soketi zao za umeme hazipokei plagi zetu za miguu mitatu. Nunueni adapta mbili Nairobi.

Gari la mwenyeji: sheria ya Ujerumani inadai kiti maalumu kwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 12 na mfupi kuliko sentimita 150. Mtoto hapakatwi, hata kwa umbali wa kutoka uwanjani tu. Wiki mbili kabla, mtumieni mwenyeji urefu na uzito wa mtoto aazime kiti kwa jirani. Majira ya baridi, mvueni koti nene kabla ya kumfunga mkanda. Koti likibaki, mkanda unaonekana umekaza kumbe umekaza hewa iliyo ndani ya koti, na gari likipiga breki mtoto huchomoka. Mfungeni, kisha mfunikeni koti kwa juu.

Tofauti ya saa ni ndogo, saa moja kiangazi na mbili wakati wa baridi. Kinachovuruga usingizi ni jua. Sisi wa ikweta tumezoea kwamba magharibi ni saa 12 na nusu hivi, kila siku ya mwaka. Mtoto wa Nairobi akiambiwa alale Juni, jua likiwa bado lipo saa 3 usiku, anaamini mnamwonea. Ombeni chumba chenye pazia zito, au bebeni shuka jeusi na pini za nguo. Fuateni mpangilio wake wa nyumbani: kuoga, uji, hadithi, taa.

Na sasa nyumba ya watu. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua masanduku, mzazi mmoja apite vyumba vyote akiwa amepiga magoti, kwa kimo cha mtoto. Atazame ngazi zisizo na kizuizi, sabuni za vidonge za mashine ya vyombo ambazo hufanana na peremende, dawa za wenyeji kando ya kitanda, mbwa. Madirisha ya Kijerumani hufunguka kwa namna mbili kwa mpini mmoja: juu hulala kidogo, au hufunguka kabisa kama mlango. Kwenye ghorofa ya tatu hilo ni hatari ya kweli. Sogezeni viti na vitanda mbali na dirisha. Wenyeji wasio na watoto hawatayaona haya, na si kosa lao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkiwa na mtoto, shikeni jembe siku ya kwanza jioni. Ulizeni nepi zilizotumika zinatupwa pipa lipi, kwa sababu taka zao hutenganishwa na kukosea huwaletea wenyeji maneno na majirani. Kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi kelele haziruhusiwi kwenye majumba, kwa hiyo mtoto asivae viatu ndani na mpira ubaki bustanini. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Mkiruka Jumamosi usiku mnatua Jumapili, kwa hiyo mwombeni mwenyeji anunue nepi na maziwa Jumamosi, na mrudishe fedha hiyo bila kungoja kuulizwa. Kila siku ya tatu, tokeni na mtoto kutwa nzima mkawaachie nyumba yao. Kwenye treni za Ujerumani aliye chini ya miaka 6 halipi, kwa hiyo matembezi ya mji wa jirani ni nauli ya wazazi tu.

Mtoto akiugua, namba ya dharura ni 112. Kwa homa ya usiku isiyo dharura, 116117 hutafuta daktari wa zamu. Pigieni bima kabla ya kulipa kama hali inaruhusu, na risiti zote zihifadhiwe. Angalieni sana dawa ya homa. Paracetamol ya maji ya kwetu kwa kawaida ina mg 120 kwa kila ml 5. Ya kawaida ya Ujerumani ina mg 200 kwa ml 5. Kijiko kile kile kinakuwa dozi kubwa zaidi. Pimeni kwa uzito: mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mg 120 hadi 180.

Zaidi ya yote, kama mtoto alikuwa Kisumu, Busia au Pwani wiki chache kabla ya safari, na akapata homa mkiwa Ujerumani, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo na neno la kwanza liwe: tumetoka Kenya, apimwe malaria. Daktari wa Ulaya anaona homa za mafua kutwa na hatalifikiria hilo asipoambiwa. Malaria ya mtoto mdogo haingoji kesho.

Kurudi, begi la mkononi lipangwe upya kama la kwenda, nepi 10 tena. Ndege nyingi hutua Nairobi usiku, kwa hiyo gari la kuwapokea lipangwe kabla, na funguo za nyumba zikae mfukoni. Vipande vya kupandia ndege vya wote, cha mtoto pia, viwekeni ndani ya bahasha na pasipoti. Muhuri ukiwa haupigwi tena, hivyo ndivyo karatasi mtakazoambatisha mkiomba viza nyingine kuonyesha kwamba mlitoka kwa wakati.